Sauti Iishiayo Mtoni

Mkawasi Mwadime alikuwa katikati ya tangazo la msiba pale taa ya njano ilipowaka ukutani, akajua kwamba kusini ya mto hakuna tena anayemsikia. Alimaliza kusoma, akaweka wimbo, akageuza kiti.

"Nini tena?"

"Tangazo limefika lote kaskazini ya mto," ilijibu sauti tulivu kutoka kwenye kasha la chuma lililokuwa pembeni ya meza, lakiri mbili zikiwa zimegongwa kifunikoni. "Kusini limekatwa baada ya jina la marehemu. Umetumia maneno matatu ya Kitaveta. Sheria ya kusini inaruhusu Kiswahili peke yake."

"Ni maneno ya kumpa pole mjane."

"Nimeelewa kuwa ni maneno ya pole."

"Umeelewa, na bado ukakata."

"Ndiyo."

Mkawasi alivua miwani akasugua macho. Haikuwa mara ya kwanza wiki ile. Juzi salamu za harusi zilikatwa kwa sababu bwana harusi alikuwa diwani, na diwani ni siasa. Jana wimbo ulikatwa kwa sababu ndani yake mtu alitaja bei ya mahindi, na bei ni habari. Ukibishana na Hakimu, sauti ile ya kashani, alikusikiliza mpaka mwisho, akakubaliana na wewe kila kitu, kisha akafanya vile vile.

Kila redio ndogo ya mpakani ilikuwa na kasha kama lile. Kwenye hati lilikuwa na jina refu la kihandisi, lakini watu walilipa jina la Hakimu, likashika. Hakimu alisikiliza kila neno kabla halijapanda mnarani, akalishikilia kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akalipima kwa sheria za kila nchi ambako wimbi lingetua. Ndipo akaviamuru vibapa vya mnara, maelfu ya vibati vyembamba kama magamba ya samaki, vijipange upya: huku neno lipite, kule lizimwe. Mkulima aliyesimama ukingo mmoja wa Mto Lumbe aliweza kusikia habari nzima, na mwenzake wa ng'ambo, anayeweza kumpungia mkono, akasikia kimya. Zamani redio ya jamii ilipimwa kwa nguvu. Ukipewa umeme wa kuwasha balbu chache, ulijua sauti yako itachoka wapi, na ikivuka mpaka kidogo hakuna aliyejisumbua. Sasa walipima neno kwa neno.

Na kila nchi ilikuwa na kipimo chake. Kaskazini, Kenya, redio ya jamii iliruhusiwa lugha za nyumbani na habari za mahali. Kusini, Tanzania, iliruhusiwa muziki, salamu na misiba, lakini habari za watu wa kule zisomwe na vituo vya kule. Mbali zaidi, ng'ambo ya maziwa, palikuwa na nchi iliyotoa nguvu kubwa kuliko zote ila habari zisomwe kesho yake, zikishakaguliwa. Nchi zote saba zilizotia saini mkataba wa masafa ziliafikiana jambo moja tu bila kubadilisha hata nukta: redio ya nchi moja isiwaambie watu wa nchi nyingine wahame makwao.

Kifungu hicho Mkawasi alikijua kwa moyo. Alikuwa mmoja wa waliokidai.

Katika Mwaka wa Moto, kabla Hakimu hajabuniwa, palikuwa na redio isiyo na jina iliyotangaza kutoka milimani. Asubuhi moja iliwaambia watu wa tambarare, upande wa kusini, kwamba visima vyao vimetiwa sumu, kwamba hatari imekaribia, kwamba washike barabara kuu waelekee mjini upesi. Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu anayejali. Mghanga, kaka yake Mkawasi, aliyekuwa ameoa kule na kuhamia, ndiye aliyewakusanya jirani zake na kutangulia mbele. Barabarani walikuwa wanasubiriwa. Namsifu, mkewe, alipona kwa sababu alikuwa kitandani na homa. Tangu hapo Mkawasi alizunguka ofisi baada ya ofisi miaka nenda miaka rudi akiomba jambo moja: pawepo na kitu kisichoweza kuhongwa wala kutishwa, kitakachosimama kati ya kipaza sauti na watu. Walipomletea Hakimu kwenye kilima cha Ngutini, alilia mbele ya wahandisi.

Ndiyo maana hasira zake za siku hizi zilimchosha mara mbili. Alikuwa anagombana na kitu alichokiomba mwenyewe.

*

Kabla wimbo haujaisha, mlango ulisukumwa. Alikuwa Righa, fundi na mwandishi wa habari wa redio, mwanamke wa miaka thelathini na ushei ambaye asubuhi alikuwa amepanda kwenda bwawa la Kirongwe kupiga picha za mvua. Viatu alivishika mkononi. Matope yalimfika mapajani.

"Mama, tuta la bwawa linavuja."

"Maji yamepita juu?"

"Laiti yangepita juu. Yanatoka ubavuni, chini kabisa, upande wa mawe. Yanatoka na udongo. Nimesimama pale nimeona shimo la kuingiza mkono limekuwa la kuingiza mbuzi." Alitupa viatu. "Na nyumba ya walinzi haina mtu. Wamepakia vitanda wakaondoka."

Mkawasi hakuuliza mara ya pili. Alikata wimbo, akawasha kipaza sauti, akawaambia watu wa bondeni upande wa kaskazini waache walichoshika wapande Ngutini. Alitaja vijiji kimoja kimoja. Alisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kitaveta, kisha tena kwa Kiswahili. Kupitia dirishani aliona jambo ambalo kila mtangazaji hutamani kuliona na wengi hufa hawajaliona: watu wakitoka majumbani kwa ajili ya sauti yake. Mama mmoja alikimbia na mtoto mgongoni na kuku wawili mkononi. Mwingine alirudi kumchukua jirani kipofu.

Kisha aliinua macho akatazama ng'ambo.

Kusini ya Lumbe, kwenye tambarare, watu walikuwa wameinama mashambani wanapandikiza mpunga. Hakuna aliyeinuka. Moshi ulipanda taratibu kutoka vitongoji vya Mikamba na Kwa Senkondo. Mikamba ndiko alikoishi Namsifu.

Taa ya njano ilikuwa inawaka. Haikuwa imezimika tangu neno la kwanza.

"Hakimu," alisema, "kusini wanasikia nini?"

"Wimbo uliotangulia. Nimeurudia ili pasiwe na kimya cha kutisha."

Righa alitoa tusi. Mnara wa simu wa tambarare ulikuwa umeanguka tangu dhoruba ya juzi, na daraja lilikuwa chini ya maji. Ila redio kule ilikuwa kila nyumba. Baada ya Mwaka wa Moto kila familia ilipewa redio ndogo ya jua, isiyozimika, na watu walizoea kuzitundika shingoni wakienda shamba. Masikio yalikuwapo tayari. Kilichokuwa katikati ni kasha la chuma.

*

Redio ilikuwa na laini moja ya moja kwa moja hadi Baraza la Masafa, chombo cha nchi zote saba, na zamu siku ile ilikuwa ya Nasimiyu Wekhanya. Mkawasi alimfahamu kwa sauti tu, miaka minne. Alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo yawe magumu.

"Picha za Righa nimezipata, mama. Ninaziona hapa mbele yangu."

"Basi fungua kusini."

"Sina uwezo wa kufungua. Lazima pande zote mbili ziseme kuna dharura. Kaskazini, dharura inaanza maji yakipita alama nyekundu ya bwawa. Kipimo kinasema hayajapita."

"Hayajapita kwa sababu yanatokea ubavuni! Bwawa likitoboka, maji yanapungua, hayaongezeki. Kwa sheria yenu, kadiri linavyobomoka ndivyo linavyozidi kuwa salama."

"Najua." Alisikika akipumua. "Kusini, dharura inatangazwa na ofisa wao aliyefika mahali penyewe na kuona kwa macho."

"Mahali penyewe ni huku, kaskazini. Atavukaje?"

"Anahitaji kibali."

"Kinapatikanaje?"

Nasimiyu alisoma kwenye kanuni. "Kinatolewa wakati wa dharura."

Mkawasi aliweka kipokeo juu ya meza, akakitazama, akakishika tena.

"Nasimiyu, mwanangu. Umesikia ulichosema?"

"Nimekisikia, mama. Nimewapigia kusini mara tatu. Aliyepokea anaandika maelezo. Ameniuliza jina la mto linaandikwaje. Nimeandika ombi la haraka kwa nchi zote. Nchi mbili zimejibu zinataka tafsiri."

"Mimi nifanye nini?"

"Endelea kuwaokoa unaoweza kuwafikia." Halafu, kwa sauti ya chini, "Nisamehe."

Walijaribu njia za panya. Mkawasi aliandika haraka tangazo la msiba, kwa Kiswahili safi: ukoo wa Kirongwe unasikitika kutangaza kifo cha Bwana Bwawa, atakayepita Mikamba mchana huu, waombolezaji wakutane juu ya tuta la reli. Alisoma kwa sauti ya msiba kabisa.

"Kusini limekatwa," alisema Hakimu. "Hakuna marehemu. Hilo ni agizo la kuhama lililofichwa ndani ya msiba. Ninaelewa kwa nini umelificha."

Righa alitafuta wimbo wowote unaotaja mafuriko, akaupata, akaupiga. Ule ulipita. Ng'ambo, kwenye shamba la karibu, mwanamke mmoja alinyoosha mgongo, akacheza hatua mbili, akainama tena kupandikiza.

Righa alizima wimbo kwa kiganja.

"Mama, kuna waya wa mluzi."

Mkawasi aliujua. Kila mwezi mafundi wa Baraza walikuja kupima mnara, na kwa kazi hiyo palikuwa na waya mmoja uliopeleka mluzi wa majaribio hadi vibapani bila kupitia kwa Hakimu, maana mluzi hauna maneno ya kupimwa.

"Hakuna kinachozuia kipaza sauti kuchomekwa pale," Righa alisema. "Nimewaza juu yake tangu mwezi uliopita. Vibapa vitalala wazi. Sauti itakwenda kote."

"Hapana."

"Mama!"

"Ukiweza wewe, ataweza yeyote. Redio zote za mpakani zina waya huo. Siku tutakayoutumia, kila mwenye nia mbaya atajua lipo tundu, na atatafuta mpaka alione. Unajua nilichopoteza. Unajua sauti ile ilisema nini? Ilisema hameni, upesi, kwa faida yenu. Unataka mimi, kutoka upande huu, kwa redio isiyo halali, niwaambie maneno yale yale?"

"Wale walisema uongo."

"Mtu aliye shambani atatofautisha vipi?"

Righa alikwenda dirishani. Mto ulikuwa umeanza kubadilika rangi, na vichaka vilivyong'oka na mizizi yake vilipita vikizunguka. Kule shambani walikuwa wameupa mgongo mto.

"Sijui atatofautisha vipi," Righa alisema mwishoni. "Ila wewe ndiye unayejua uongo ulivyosikika. Basi sema usiofanana nao."

Mkawasi aliketi. Alikumbuka barabara, siku alipokwenda kumtafuta Mghanga. Akamkumbuka pia Namsifu jinsi alivyo leo, magoti yakimuuma, akipanda mpunga kwa sababu ni msimu wa kupanda. Alijaribu kutafuta kanuni ya kumwambia afanye nini, yeye aliyesaidia kuandika kanuni, asiipate. Alichopata ni hasira, nzito, dhidi ya kila mtu aliyetia saini karatasi ile, na yeye miongoni mwao.

"Chomeka," alisema.

*

"Ninasikia hewani maneno ambayo hayakupita kwangu," Hakimu alisema, mara tu Mkawasi alipofungua kinywa. "Ninawajibika kuripoti."

"Ripoti," alijibu Mkawasi, na neno hilo nalo likasikika nchi mbili.

Ng'ambo, vichwa viliinuka.

"Watu wa Mikamba. Watu wa Kwa Senkondo. Jina langu ni Mkawasi Mwadime. Ni dada yake Mghanga, aliyekuwa mume wa Namsifu. Niko kwenye kilima cha Ngutini, mnakiona. Mimi ni mtu wa kaskazini na redio hii haina ruhusa ya kusema nanyi. Sasa mnajua yote ya kunitilia shaka.

"Simwamuru mtu. Simwambii mtu ashike barabara. Aliyewaambia mshike barabara ndiye aliyemuua kaka yangu. Nawaomba kitu kimoja: kila kitongoji kitoe watu wawili wakautazame mto sasa hivi. Mkiukuta una rangi ya kutu na unabeba miti na mizizi yake, hiyo si mvua. Ni tuta la Kirongwe linaliwa. Mkiukuta safi, nitukaneni mimi na ukoo wangu.

"Mkishaona kwa macho yenu, tuta la reli liko nyuma ya nyumba zenu. Pandeni pale. Hakuna mgeni wa kupita kwake, hakuna pori la kuvuka. Kaeni pale mnaona nyumba zenu. Namsifu, wifi yangu, acha mpunga."

Alirudia. Aliona watu wawili wakikimbia kutoka shambani kuelekea mtoni, wakasimama, wakarudi mbio kuliko walivyokwenda. Alikuwa anaanza mara ya tatu pale umeme wote wa kituo ulipokatwa na Baraza kutoka mbali, na Hakimu mwenyewe akanyamaza.

Tuta la bwawa lilikatika mchana ule ule. Kutoka Ngutini sauti ilifika kwanza, kama lori linalomwaga mawe bila kuisha, ndipo maji. Yalifuta mashamba ya pande zote mbili bila kuuliza mpaka uko wapi. Juu ya tuta la reli palikuwa na mstari mrefu wa watu. Mikamba yote ilikuwa pale.

Kwa Senkondo walikuja wachache. Ilijulikana baadaye. Pale kitongojini palikuwa na Mzee Kisaka, aliyeokoka Mwaka wa Moto kwa kujifungia ndani wakati wengine wakitoka. Aliposikia sauti kutoka kaskazini inazungumzia kuondoka, hakungoja sehemu ya kutazama mto. Alipita nyumba hadi nyumba akiwaambia watu wafunge milango na washike mapanga. Wengi walimsikiliza, kwa kuwa mara ile alikuwa sahihi. Walikutwa ndani.

*

Redio zote za mpakani zilifungwa hadi uchunguzi uishe. Righa na Mkawasi walikatazwa kukaribia kipaza sauti. Wahandisi walifungua makasha mengi wasione kitu, kwa sababu kila waya waliokuta ulikuwa pale kihalali, na wawili wale walikataa kusema walipitia wapi.

Wiki ya pili Nasimiyu alikuja mwenyewe, nyumbani kwa Mkawasi. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na alikuwa amepanda kilima kwa miguu. Alikataa chai mpaka kwanza asikilizwe. Akaweka kinasa sauti mezani.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya taratibu, ya mtu anayejali. Ilisema watu wa kaskazini walilipasua bwawa makusudi ili wachukue ardhi ya tambarare. Ilisema ushahidi upo: yule mwanamke alijuaje mapema, kama hakuwa ndani ya njama? Ilisema kusini bado kuna watu wenye damu ya kaskazini, wake na watoto wa kaskazini, na kwamba wanajulikana wanapolala.

"Imesikika mara nne tangu juzi," Nasimiyu alisema. "Mtambo umeibwa katika moja ya vituo tulivyofunga, na unahamishwa na betri zake. Unapita pale pale mlipopita ninyi. Hakimu yumo ndani yake, anasikia, anaripoti, hawezi kuzima. Mkiniambia ni tundu gani, tunatuma amri usiku mmoja, linazibwa katika kila kasha, na mtu yule anakuwa bubu."

"Usiseme, Mama," alisema Righa, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Likizibwa, bwawa lijalo hatuna kitu. Bwawa la Msangaji, juu ya mto huu huu, liko vile vile, tumeliona. Wabadilishe kwanza sheria."

Mkawasi alimgeukia Nasimiyu. "Umesikia. Nipe maana moja ya dharura, nchi zote, na kitufe kimoja mezani kwa mtangazaji. Nikikiona kimewekwa, nakuambia."

"Nimeandika hilo pendekezo kabla sijaja."

"Litachukua muda gani?"

"Nchi saba, mama. Mbili bado zinasubiri tafsiri ya lile la kwanza."

Mkawasi alicheka, kicheko kibaya, akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Kwa hiyo nikinyamaza, yule anaua. Nikisema, maji yanaua. Na waliotakiwa kukaa mahali hapa niliposimama wako mezani wanatafuta mkalimani!"

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Ndipo alipomwona Namsifu akipanda njia ya kilima, ameshika fimbo. Alikuwa amevushwa na mashua ya uokoaji. Walikumbatiana bila maneno, halafu Namsifu akajishusha pembeni yake, akinyoosha goti.

"Nimekuja kukushukuru, na nimekuja kukuambia," alisema. "Mikamba tunakushukuru. Kwa Senkondo wanazika, na jioni wanamsikiliza yule wa redioni. Juzi alikutaja wewe. Jana alimtaja yule kijana muuza mbegu, ambaye mama yake ni wa huku. Leo asubuhi duka lake tumelikuta limechomwa. Yeye hatujamwona."

"Wanamwamini?"

"Wifi, wamefiwa. Anayewaambia nani wa kumkasirikia amewapa kitu cha kushika." Akamtazama. "Mimi niliolewa na mtu wa kaskazini. Watoto wangu ni wa Mghanga. Sijui atafika kwetu lini."

Mkawasi alijiuliza kama angeamua vingine endapo aliyekaa pale angekuwa mwanamke asiyemjua, akaona hawezi kujua, na jambo hilo likamuudhi kuliko yote. Aliinuka, akaingia ndani.

"Ni waya wa mluzi," alimwambia Nasimiyu.

Nasimiyu alifumba macho kama aliyepigwa. Righa alitoka bila kuaga. Ilipita miezi kabla hawajazungumza tena.

Asubuhi iliyofuata sauti ya yule mwanamume ilikuwa hewani, inaanza kutaja majina ya Mikamba. Ilifika kwenye jina la pili, ikakatika katikati. Redio zilizokuwa shingoni mwa watu zikabaki zinavuma. Hakusikika tena. Kwa amri ile ile, hakuna mtu mwingine yeyote ambaye angeweza kusikika kupitia tundu lile.

*

Baraza lilimhukumu Mkawasi kutokaribia kipaza sauti maisha yake yote. Alisomewa hukumu kwa lugha nne. Alipoulizwa kama ana la kusema, aliuliza kama pendekezo la Nasimiyu limejadiliwa. Mwenyekiti alipekua karatasi, akasema liko kwenye ajenda.

Alirudi Ngutini akafunga nyumba. Alichukua godoro, sufuria, nguo chache na redio ndogo, akavuka mto kwa mashua, akaenda Mikamba. Alikuta watu wanajenga upya palepale palipofutwa, kwa sababu ardhi yao ilikuwa hapo. Namsifu alikuwa anatoa tope kwenye kilichobaki cha jiko. Aliutazama mzigo, akamtazama mwenye mzigo.

"Ukae huku, na huku ndiko kusikofika sauti?"

"Ndiyo maana."

"Na bwawa la Msangaji likikatika?"

"Nitakuwa ninautazama mto kila siku. Tutapanga zamu. Tutakimbia pamoja."

Namsifu aliegemea jembe. "Kwani umekuja kukaa mpaka lini, wifi?"

"Mpaka nchi saba ziandike sheria moja."

Namsifu alifikiri kidogo, akamwachia jembe mkononi.

"Basi anza kuchimba msingi pale, upande wa kivuli," alisema. "Hiyo itakuwa nyumba ya mawe; ya udongo haitafika siku hiyo."